Riwaya za kisasa za wanaume wanaopendana: uanze na ipi?

Rafiki yangu aliniomba kitabu. Masharti yake yalikuwa matatu: kiwe cha mapenzi, wapenzi wenyewe wawe wanaume, na kisimlize. Nikanyoosha mkono kwenye rafu nikampa *Call Me by Your Name* cha André Aciman, kwa sababu ndicho kilichokuwa mbele na mimi nilikuwa na haraka. Baada ya wiki mbili alikirudisha, akakilaza mezani kifudifudi, akaniuliza: "Nilikukosea nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitabu kile, kilichotoka mwaka 2007, ni kizuri kupindukia. Ila kinasimulia mapenzi bila kuwa riwaya ya mapenzi kwa maana wanayoitumia wasomaji wa aina hii. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kiliieleza aina yenyewe kwa mambo mawili tu: kiini cha kitabu kiwe hadithi ya mapenzi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Jambo la pili ndilo mkataba kati ya mwandishi na msomaji. Aciman hakuusaini mkataba huo wala hakudai kuwa ameusaini. Mimi ndiye niliyempa mtu kitabu kisichokuwa chake.

Kwa hiyo hapa nalinganisha vile vilivyousaini, na mwishoni nitagusa viwili vitatu vilivyo mpakani. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Wala usiogope kwamba nitakuharibia utamu nikisema wawili fulani wanabaki pamoja. Hilo unalijua tangu jalada. Anayesema hana haja ya kusoma kwa kuwa mwisho unajulikana ni sawa na anayekataa wimbo kwa sababu kibwagizo kitarudi.

Tafuta ukuta kwanza

Wengi huchagua kwa kutazama aina ya kisa: maadui wanaogeuka wapenzi, uchumba wa kuigiza, marafiki wa tangu utotoni, wanamichezo. Ni njia rahisi, na hata wachapishaji huitumia kuuzia. Mimi nimeiacha. *Red, White & Royal Blue* na *Heated Rivalry* vyote viwili ni vya maadui wanaogeuka wapenzi, vyote vilitoka mwaka 2019, na nimeona mtu aliyekipenda kimoja akishindwa kuvuka sura ya tatu ya mwenzake.

Siku hizi nauliza swali moja: ni nini kinachowazuia hawa wawili? Kila riwaya ya mapenzi ina ukuta, la sivyo ingeisha ukurasa wa kumi. Zamani, wapenzi wakiwa wanaume, ukuta ulikuja umeshajengwa. Mwandishi Mwingereza E.M. Forster aliandika *Maurice* mwaka 1913 na 1914, akaamua makusudi kwamba wapenzi wake watamaliza pamoja. Baadaye alieleza kwamba lau angemalizia kwa kijana anayening'inia kitanzini, mambo yote yangekuwa shwari. Kwa kuwa aliwaacha wakiwa na furaha, kitabu kilikaa kabatini hadi 1971, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Uingereza yenyewe ilianza kulegeza sheria zake dhidi ya wanaume wanaopendana mwaka 1967.

Mwandishi wa leo anayeweka kisa chake London au New York hapati tena ukuta wa bure. Inabidi aujenge mwenyewe, na hapo ndipo utakapomjua fundi na asiye fundi. Wengine huuweka nje, kwenye kazi, siasa na magazeti. Wengine huuweka kati ya wawili: kosa la zamani, deni lisilosemwa. Wengine huuweka ndani ya mtu mmoja, na huo ndio mgumu kuubomoa kwa sababu hakuna wa kumpiga ngumi. Ukishajua unapenda ukuta upi, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Mwana wa rais, na mtetezi wa mbawakawa

*Red, White & Royal Blue* cha Casey McQuiston kina ukuta wa nje kabisa, tena mrefu usio na mfano. Alex Claremont-Diaz ni mtoto wa rais wa Marekani, mwanamke aliyeshinda uchaguzi wa 2016 katika dunia ya kitabu hiki na sasa anatafuta muhula wa pili. Henry ni mwana wa kifalme wa Uingereza. Wanachukiana. Kwenye harusi ya kaka yake Henry wanasukumana mpaka wanaangukia keki ya dola 75,000, na maofisa wa pande zote mbili wanaamua dawa ni kuwafanya waigize urafiki mbele ya kamera. Yanayofuata unayakisia.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni barua pepe. Alex na Henry wako mbali kwa sehemu kubwa ya kisa, kwa hiyo wanaandikiana, na polepole wanaanza kufunga barua zao kwa vipande vya barua za mapenzi za watu wa kale: Hamilton akimwandikia Laurens, Michelangelo akimwandikia Tommaso Cavalieri. Wawili hawa wanajitafutia ukoo. Wanasema, bila kulisema waziwazi, kwamba hawakuwa wa kwanza. Mara ya kwanza kusoma nilizipita barua hizo haraka nikitaka kujua nini kitatokea. Mara ya pili nilisoma barua tu, kisa nikakiacha.

Udhaifu wake ni siasa. Washauri wote ni wacheshi, kila dada na kila rafiki ana jibu kali mdomoni, na mama, akishapewa habari za mwanawe, anamwandalia slaidi za kumfafanulia hali. Inachekesha, lakini ni njozi, na mwandishi anajua ni njozi. Ukitaka Ikulu yenye harufu ya Ikulu, hutaipata humu. Halafu tunamwona kila mtu kwa macho ya Alex peke yake, na Alex ni mtu wa kuongea. Kuna sura nilitamani Henry apewe zamu.

*Boyfriend Material* cha Alexis Hall, cha mwaka 2020, kwa nje kinafanana nacho: kuna mtu maarufu, kuna magazeti ya udaku, kuna uhusiano wa kuigizwa ili kuokoa sura. Luc O'Donnell ana miaka 28 na baba yake ni mwanamuziki wa roki aliyemtelekeza. Luc mwenyewe hana umaarufu wowote ila ule wa kuzaliwa. Anafanya kazi ya kutafuta wafadhili katika shirika la kuhifadhi mbawakawa wanaoviringisha mavi. Picha moja mbaya gazetini inawakimbiza wafadhili, anaambiwa atafute mchumba mwenye heshima zake, na rafiki yake anamletea Oliver Blackwood: wakili, hali nyama, shati limepigwa pasi hata siku ya mapumziko.

Lakini angalia ukuta. Magazeti ni kisingizio tu. Mpenzi wa zamani wa Luc aliuza siri zake kwa magazeti hayo, na tangu hapo Luc ameamua kwamba yeyote atakayemjua vizuri atamuuza. Kila Oliver anapomsogelea, Luc anatupa mzaha, kama pweza anavyomwaga wino. Oliver naye anajificha nyuma ya unadhifu: chakula kimepimwa, mazoezi yamepangwa, maneno yamechujwa, kwa sababu nyumbani kwao hakuna alichofanya kikatosha. Wote wawili wana ukuta ndani, na hakuna uchaguzi wala malkia wa kuubomoa kwa niaba yao.

Kwa vichekesho, Hall anashinda bila ubishi. Ofisini kwa Luc yuko kijana mmoja wa ukoo wa kitajiri ambaye Luc humtegea vichekesho vya kitoto, naye huvichambua kwa dhati kabisa, hatua kwa hatua, mpaka kichekesho kinakata roho. Mchezo huu unajirudia katika kitabu kizima na haukunichosha. Onyo moja tu: Luc anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na kujidharau kwake kunakuja kwa wingi. Kuna ukurasa utatamani kumshika mabega umtikise. Asiyevumilia mhusika anayejiharibia mwenyewe asikiguse.

Kati ya hivi viwili, kama unasoma ili upae juu ya dunia kidogo, chukua cha McQuiston. Kama unasoma ili ucheke halafu ukamatwe pabaya, chukua cha Hall. Nikilazimishwa kubaki na kimoja, nabaki na cha Hall.

Barafu ile ile

Wanaume wanaocheza hoki ya barafuni wamekuwa karibu tawi lao lenyewe la riwaya hizi. Sababu si ngumu kuiona: timu inakaa pamoja vyumba vya kubadilishia nguo, inasafiri pamoja, inalala hotelini, inapigana hadharani na inakatazwa kulia. Tena, wakati *Heated Rivalry* inatoka, hakukuwa na mchezaji hata mmoja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, aliyewahi kujitangaza hadharani kuwa anapenda wanaume. Yaani mwandishi anayetaka ukuta wa nje usio wa kubuni anaukuta hapo umesimama.

Vitabu viwili vinavyotajwa zaidi katika tawi hili ni *Him* cha Sarina Bowen na Elle Kennedy, cha mwaka 2015, na hicho *Heated Rivalry* cha Rachel Reid. Watu huvitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni mapacha. Mimi sioni hata kama ni binamu.

*Him* ni kitabu cha marafiki. Jamie Canning na Ryan Wesley walikuwa wakikutana kila kiangazi kwenye kambi ya hoki, hadi usiku wa mwisho wa kambi ya mwisho, walipowekeana dau lililovuka mpaka. Kesho yake Wes alikata mawasiliano bila kueleza. Miaka minne baadaye wanakutana tena, wakiwa wachezaji wa vyuo viwili, kisha wanajikuta wote ni makocha kwenye kambi ile ile. Ukuta uko kati yao: Wes anaamini alimtumia rafiki yake vibaya, Jamie anaamini aliachwa tu. Mmoja amejua siku zote anapenda wanaume. Mwenzake alidhani anapenda wanawake pekee, sasa anagundua kwamba moyo wake una milango miwili. Sehemu hii ya Jamie kujitambua imeandikwa bila makelele, na ndiyo ninayoipenda. Hakuna usiku wa kujikunja sakafuni. Anashangaa, anafikiri, anauliza, anaendelea na maisha.

Ni kitabu chepesi, chenye joto, na unakimaliza kwa siku moja. Udhaifu wake ni kwamba sauti za wawili hawa hukaribiana mno; ukifungua katikati ya sura bila kutazama jina lililoandikwa juu, huenda usijue anayesema ni nani. Kisa kinaendelea katika *Us*, cha mwaka 2016, na huko ndiko ukuta wa nje, yaani kazi ya Wes katika ligi kuu, unapobana kweli.

*Heated Rivalry* ni mnyama mwingine. Shane Hollander ni Mkanada, nyota wa timu ya Montreal. Ilya Rozanov ni Mrusi, nyota wa timu ya Boston. Majina ya timu ni ya kubuni, ila uhasama wa miji hiyo miwili kwenye barafu ni wa kweli na ni wa miaka mingi. Ligi inawauza kama mahasimu, nao kwa miaka wanakutana kwa siri hotelini kila ratiba inapowakutanisha. Kisa hakiendi kama mto. Kinaruka miezi, kinaruka msimu mzima, kinatua chumba namba fulani, kinaondoka tena. Mwanzoni utadhani ni vipande tu vya tendo la ndoa vilivyoshonwa pamoja. Vumilia.

Kwa nini nasema vumilia? Tazama majina. Kwa muda mrefu hawa wawili hawaitani ila Hollander na Rozanov, majina ya mgongoni mwa jezi. Hata kwenye simu zao kila mmoja amemhifadhi mwenzake kwa jina la kike, Lily na Jane, ili mtu akichungulia asishtuke. Kwa hiyo siku jina la kwanza linapoponyoka mdomoni, ndani ya nyumba ya kawaida, baada ya mlo wa kawaida wa mkate na samaki, ni kama risasi. Shane anatafuta viatu vyake. Wamevuliana nguo mara zisizohesabika na hakuna aliyekimbia. Jina la kwanza ndilo lililomkimbiza mtu. Mwandishi ametumia kurasa nyingi za miili ili sekunde hiyo moja iwe na uzito, na msomaji anayeruka kurasa hizo ataifikia sekunde hiyo mikono mitupu.

Niruhusu nipite pembeni kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Kwetu, "alimshika mkono" haisemi nani mwanamume nani mwanamke. Tumezoea kumtafuta mtu kwenye mazingira ya sentensi. Kiingereza kimezoea kutenganisha watu wawili kwa jinsia, kwa hiyo wapenzi wakiwa wote wanaume mwandishi anakwama kila anapotaka kusema mkono ni wa nani. Wasio hodari hukimbilia kuita "yule mrefu" na "yule mwenye nywele nyeusi", mpaka kitanda kinajaa watu wanne. Ni kipimo kizuri cha kukagua kitabu dukani: fungua ukurasa wenye mabusu, uone mwandishi anavyowatofautisha. Bowen na Kennedy wamelikwepa tatizo kwa kumpa kila mmoja sura zake kwa nafsi ya kwanza. Reid amebaki na nafsi ya tatu, akayafanya majina yenyewe yafanye kazi mbili.

Ukuta wa Reid uko kotekote. Nje kuna ligi, na kwa Ilya kuna pia nchi yake: Urusi ilipitisha mwaka 2013 sheria dhidi ya kile ilichokiita propaganda ya uhusiano usio wa jadi, na mtu mwenye familia huko halali usingizi akifikiria picha moja ikivuja. Ndani, Ilya ameficha huzuni chini ya kejeli, na Shane amejipanga kama ratiba ya treni. Kimaandishi sitadai ni kitabu kisicho na dosari. Wahusika wa pembeni ni wembamba, na sehemu ya kwanza ingeweza kupunguzwa. Lakini Ilya Rozanov ni mmoja wa wahusika wachache wa aina hii ambaye baada ya kufunga kitabu niliendelea kumsikia akisema ovyo kichwani mwangu, kwa Kiingereza chake kisicho na viungo.

Hiki ni kitabu cha pili katika mfululizo wa Game Changers. Cha kwanza, *Game Changer* cha 2018, kinamhusu mchezaji mwingine, na tukio lake kubwa linakuja kuwagusa Shane na Ilya. Unaweza kuanza na cha pili bila kupotea. Wengi tulifanya hivyo.

Asiyetaka michezo wala Ikulu

*The Charm Offensive* cha Alison Cochrun, cha mwaka 2021, hakisemwi vya kutosha. Charlie amekubali kuwa "mwana wa mfalme" kwenye kipindi cha televisheni ambamo wanawake wengi wanamshindania mwanamume mmoja. Hataki mchumba, anataka kusafisha jina lake apate tena kazi kwenye teknolojia. Dev ni mtayarishaji anayepewa kazi ya kumlegeza Charlie mbele ya kamera, na ndiye mtu pekee kwenye seti anayeamini kwamba mapenzi ya kipindi hicho ni ya kweli. Charlie ana wasiwasi uliopitiliza na mawazo yanayomlazimisha kurudiarudia mambo. Dev ana sonona ambayo kila mtu anaichukulia kama uchovu. Ukuta uko ndani ya vichwa vya wote wawili, na mwandishi hafanyi kosa la kudai kwamba mapenzi yanaponya maradhi. Yanampa mtu sababu ya kwenda kwa daktari, basi. Ni kitabu cha upole sana, na kama umewahi kukaa bafuni ukihesabu pumzi kabla ya kutoka kukutana na watu, utajiona.

Mlango wa chumbani

Hili watu huona haya kuliuliza, kisha hulalamika baadaye. Tuliseme.

*Boyfriend Material* inaufunga mlango: unajua kilichotokea, asubuhi unawakuta jikoni. *The Charm Offensive* na *Red, White & Royal Blue* zinauacha nusu wazi, unaona mwanzo na unaona mwisho. *Him* iko wazi, na *Heated Rivalry* imeung'oa mlango na bawaba zake. Hilo halipandishi wala halishushi thamani ya kitabu, lakini kuna mtu atasoma kwenye basi huku jirani akichungulia, na kuna mtu atasikiliza kitabu cha sauti jikoni watoto wakiwa sebuleni. Huyo wa pili hasa ndiye ninayemwonya.

Kama msomaji ni kijana wa shule, vyote hivyo viweke kando kwanza. *Simon vs. the Homo Sapiens Agenda* cha Becky Albertalli, cha 2015, ni kisa cha kijana anayeandikiana barua pepe na mwenzake wa shule moja bila kumjua ni nani, na hakivuki mabusu. *Heartstopper* cha Alice Oseman ni katuni, kinasomwa kwa saa chache, na hata mtu mzima aliyechoka kinamfaa.

Vilivyo mpakani

*Less* cha Andrew Sean Greer kilitoka 2017 na kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018. Wengi huwa hawakiweki rafu moja na hivi vingine kwa sababu ya heshima hiyo, na nadhani wanakosea. Arthur Less, mwandishi asiye na jina kubwa, anakaribia miaka 50. Mpenzi wake wa zamani anaoa mwanamume mwingine. Ili asihudhurie harusi, anakubali kila mwaliko wa kifasihi aliowahi kuupuuza, anazunguka dunia: Mexico, Italia, Ujerumani, Morocco, India, Japani. Suti yake ya buluu inamtangulia kama bendera. Ni cha kuchekesha, kina majonzi ya umri ambayo vijana wa McQuiston hawawezi kuyajua, na mwisho wake, bila kusema zaidi, haukuvunja mkataba. Kama wewe umeshapita arobaini na umechoka kusoma mapenzi ya watu wenye magoti mazima, anza hapa.

*Call Me by Your Name* nimeshakisema. Elio ana miaka 17, Oliver 24, ni kiangazi nchini Italia, na msimulizi anakumbuka akiwa amekua. Sentensi zake ni ndefu, zinajizungusha, zinarudi pale pale kama ulimi kwenye jino bovu. Kisome ukitaka kujua kutamani kunavyohisi, si ukitaka kujua wawili waliishiaje. Na usimpe mtu aliyekuambia hataki kulia.

Umeshaona filamu?

*Red, White & Royal Blue* ilitengenezwa filamu mwaka 2023 chini ya Matthew López. Filamu imemwondoa June, dada yake Alex, na malkia wa kitabuni amekuwa mfalme. Barua zimepungua sana, na kwangu hiyo ni hasara kuliko yote. Aliyeona filamu bado ana kitabu kizima mbele yake.

*Heated Rivalry* iligeuzwa tamthilia ya televisheni na Wakanada, ikaanza kuonyeshwa Novemba 2025 chini ya Jacob Tierney, na ghafla kila mtu akawa shabiki wa hoki. Hapa ushauri wangu ni kinyume: kama ile miruko ya miezi na miaka inakusumbua kwenye karatasi, tazama kwanza. Nyuso za waigizaji zinakupa kile ambacho kitabu kinakuachia ujaze mwenyewe. Ukirudi kusoma utaisikia sauti ya Ilya bila taabu.

Rafiki yangu nilimpa *Boyfriend Material* kama fidia. Siku ya tatu akanitumia ujumbe saa saba usiku, kichekesho kimoja tu cha Luc na neno "mjinga", na sikujua anamwambia Luc au mimi. Akaenda *Heated Rivalry*, akakaa kimya wiki nzima. Juzi amekuja kuulizia *The Long Game*, kitabu cha sita katika mfululizo ule, kilichotoka 2022, ambamo Shane na Ilya wameshakuwa pamoja na Ilya anazama taratibu bila mtu kuona. Akauliza kama kinaliza. Nikamwambia ukweli: kidogo, katikati. Alikitazama jalada, akakiweka mkobani hata hivyo.